Maswali na majibu: mchezo darasani, mwanafunzi ajisimamie

Darasa langu la tano lina wanafunzi 90 na kompyuta hatuna. Nianzie wapi kufundisha kwa mchezo? (Mwalimu, Ilemela)

Anzia kwenye maboksi ya dukani, mwalimu. Kila kundi la watoto watano likate kadi 10 za maswali ya hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika), majibu nyuma, rahisi na ngumu zichanganywe. Dakika 5 za mwanzo kila mtoto apitishe macho kwenye kadi bila kukokotoa, kisha aandike kisio: nitapata ngapi? Dakika 20 ni za mchezo, mbili kwa kila kadi: mmoja anasoma, wote wanajibu daftarini, kadi inageuzwa. Dakika 15 zilizobaki walinganishe kisio na alama, waandike walikosea wapi na kesho watafanya nini. Wengi hukata sehemu hii kengele ikikaribia. Ukiikata, umebaki na burudani.

Wanafunzi wangu wameshtuka: wanakisia alama za chini ili kisio kitimie. (Mwalimu, Buzuruga)

Wajanja hao, na kosa ni la kanuni yako. Usizawadie kisio peke yake. Chukua majibu sahihi, toa tofauti kati yake na kisio. Aliyekisia 8 akapata 8 anabaki na 8. Aliyekisia 9 akapata 6 anabaki na 3. Mwenye uwezo wa 8 akikisia 4, hata akipata zote 8 anabaki na 4, na akikosea makusudi ili apate 4 anabaki na 4 vilevile. Watagundua wenyewe kwamba ujanja haulipi. Na visio usivibandike ukutani, maana wataanza kuandika cha kukufurahisha.

Mwanangu anapanda ngazi kila siku kwenye mchezo wa hesabu wa simu, ila mtihani anafeli. (Mzazi, Kirumba)

Keti naye dakika chache, mama, uangalie kidole. Mara nyingi anabonyeza msaada, au anabahatisha hadi jibu likubali. Zima msaada kama mchezo unaruhusu, na kila alilokosa alikokotoe upya kwenye karatasi kabla ya kuendelea. Ngazi ya kuanzia achague yeye.

Bao linafaa? (Mwalimu, Ukerewe)

Linafaa, ila kwa klabu ya jioni: mchezo wa mashimo 32 na kete 64 hauishi ndani ya kipindi kimoja. Kabla ya kusambaza, mchezaji ataje shimo ambalo kete ya mwisho italala. Akikosea, mwenzake asimsahihishe. Arudishe kete, ahesabu tena.