Mnafanya Kazi kwa Mchoro wa Lini?

Barua za wiki hii kuhusu kazi za mabomba zimetoka sana kwenye viwanda vya ukanda wa miwa. Nusu yazo zinauliza jambo moja kwa majina tofauti, kwa hiyo asiyeona swali lake hapa asome la mwenzake.

Nimenunua bomba la inchi 6 hapa Nakuru, nikilipima kwa nje napata milimita 168. Nimeuziwa feki? (Fundi, Njoro)

La. Inchi 6 ni jina tu; kipenyo cha nje ni milimita 168.3, na kinachobadilika kwa skeduli, yaani daraja la bomba, ni unene wa chuma. Jina na kipimo cha nje huanza kulingana inchi 14. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, tafadhali lisirudi.

Tumeenda kusimamisha bomba la mvuke tukakuta nguzo za zege haziko mahali mchoro wetu unaposema. Watu wa zege nao wana mchoro wao, na wameufuata sawasawa. Nani alipe? (Injinia mchanga, Muhoroni)

Umekimbilia malipo kabla ya kuniambia mchoro wenu ni toleo gani na wao wana toleo gani. Nakisia kuna mtu alisogeza kona baada ya kupiga hesabu ya joto, akawatumia watu wa bomba peke yao. Kwake zege ni mambo ya wengine.

Sasa angalia alichokuwa anahangaikia. Chuma cha kawaida hurefuka takriban milimita 1.2 kwa kila mita joto likipanda nyuzi 100. Bomba la mita 100 likitoka nyuzi 20 kufika 180 linaongezeka karibu sentimita 19, na lazima zipate pa kwenda. Ndiyo sababu ya zile kona za umbo la U, na ndiyo sababu sapoti moja hulishika bomba kabisa na nyingine huliacha liteleze. Kwa hiyo msichomelee bomba popote mlipoikuta nguzo ili mradi kazi isonge. Mkishika penye kuteleza, bomba litasukuma pampu au valvu iliyo mwisho wa laini, nanyi mtalaumu pampu.

Mwandikieni msanifu, mngoje jibu lenye namba mpya ya toleo, kisha kusanyeni nakala zote za zamani, pamoja na ile iliyokunjwa mfukoni mwa forimani. Na kwenye mkutano wa wiki wakae meza moja: zege, vyuma, bomba, umeme na vyombo vya kupimia. Kila mmoja asome kwa sauti namba ya mchoro alio nao. Inachosha, lakini inachosha kidogo kuliko kuvunja zege.

Malipo? Tazameni daftari la kupokea michoro, nani alisaini nini na tarehe gani. Kama hakuna daftari, mtalipa wote.

Sisi tunaleta bomba hadi ukutani, kampuni nyingine inaendelea nalo ndani. Flanji ni za inchi 4, mashimo ni 8 kila upande, lakini bolti zimekataa kuingia. (Kontrakta, Kisumu)

Flanji, yaani sahani za kuungia bomba, upande mmoja ni PN16, mfumo wa Ulaya, mwingine ni klasi 150, mfumo wa Marekani. Kipenyo cha duara la mashimo ya bolti upande wa kwanza ni milimita 180, wa pili ni 190.5. Msitanue mashimo kwa gesi, na najua kuna aliyekwisha kushika mtungi. Kateni flanji moja, mchomelee inayolingana na inayoweza presha ya laini hiyo.

Ila kosa lenu si la flanji. Kule Menengai, kwenye mvuke wa ardhini karibu na Nakuru, GDC, kampuni ya serikali, huchimba visima na kufikisha mvuke, kisha kampuni binafsi tatu, kila moja na mtambo wa megawati 35, ndizo za kuzalisha umeme. Kazi iliyogawanywa hivyo haiendi bila karatasi ya mpaka: flanji ya aina gani, nani ananunua gasketi na bolti, bomba la huku linasukuma la kule kwa nguvu kiasi gani. Kwenye barua yako ndefu sikuiona karatasi hiyo ikitajwa.

Maji yamekatika. Tunaweza kupima bomba jipya kwa kompresa? (Kakamega)

Hapana. Maji karibu hayabanwi, kwa hiyo kiungo kikiachia presha inaanguka papo hapo. Hewa iliyobanwa hutoka na nguvu zake zote, na vipande vya chuma huenda nazo. Kuna masharti ambayo kanuni huruhusu hewa, lakini hayaandikwi na mtu aliyechoka kungoja maji. Agizeni lori la maji, toeni hewa yote kwa juu, mpime kwa mara 1.5 ya presha ya usanifu.

Meneja ametuma kwenye WhatsApp picha aliyochora kwa kalamu: tuweke bomba la kupitisha kando usiku huu ili kiwanda kisisimame. Tufanye? (Fita, Bungoma)

Kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, 1974. Tangi namba 5 lilipata ufa, likaondolewa, na ili uzalishaji usisimame wakaunganisha la 4 na la 6 kwa bomba la muda la inchi 20 lenye viungo vya mikunjo vinavyonyumbuka kila mwisho. Mchoro wake ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyepiga hesabu ya nguvu zinazolipinda, na wakati huo kiwanda hakikuwa na mhandisi wa mitambo mwenye sifa za kuliona tatizo. Tarehe 1 Juni bomba lile liliachia, mlipuko ukaua watu 28. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi wangekufa wengi zaidi.

Mjibu meneja kwa heshima, na kwa maandishi: unaomba mchoro wenye namba, jina la aliyepiga hesabu, na sahihi ya mtu wa usalama. Picha ya WhatsApp itafunikwa na salamu za harusi kabla ya asubuhi. Tena muulize bomba hilo la muda litatolewa lini. Yapo ya muda huku kwetu yaliyokwisha kupakwa rangi mara mbili.

Stoo hufungwa saa kumi, kwa hiyo welda hulala na rodi za 7018 kwenye begi. Kuna shida? (Msimamizi, Mumias)

Ipo. Rodi hizo hunyonya unyevu, na unyevu huo huleta nyufa zinazoweza kutokea baada ya weldi kupoa na mkaguzi kwenda zake. Mpeni welda ufunguo wa jiko la kukaushia, au mwenye stoo abaki hadi saa kumi na mbili.