Subaru ilianza kushuka kabla ya fedha kukatika

SWALI: Kila mwaka Safari Rally inapofika Naivasha, maegesho ya watazamaji hujaa Subaru, lakini miongoni mwa magari yanayowania ushindi wenyewe Subaru haimo. Nimesoma kwamba timu yao ilijiondoa katika mbio za ubingwa wa dunia wa ralii kwa sababu ya msukosuko wa uchumi duniani. Je, ndiyo sababu ya kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hiyo ndiyo sababu iliyotolewa rasmi Desemba 2008, mwezi ambao Honda nayo ilitangaza kuacha mbio za langalanga, na Suzuki ikaacha ralii siku moja tu kabla ya Subaru. Hatuipuuzi, lakini kwa maoni yetu msukosuko ule uliikuta timu tayari iko hoi.

Timu hiyo, iliyoendeshwa na kampuni ya Prodrive kutoka Banbury, Uingereza, ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997, na madereva wake Colin McRae, Richard Burns na Petter Solberg wakawa mabingwa mwaka 1995, 2001 na 2003. Hapa Kenya McRae alishinda Safari ya 1997, na mwaka 2000 Burns na Juha Kankkunen wakashika nafasi ya kwanza na ya pili.

Ushindi wa mwisho ulipatikana Wales, Septemba 2005, na hata huo ulikuwa na huzuni yake. Michael Park, msoma ramani wa dereva Markko Märtin wa Peugeot, alifariki katika ajali, na Sébastien Loeb wa Citroën, aliyekuwa akiongoza, akafika kituo cha kukaguliwa muda mapema makusudi, kosa linaloadhibiwa kwa kuongezewa muda, ili akose ushindi ambao ungempa ubingwa wa dunia siku ya msiba. Solberg ndiye aliyepanda jukwaani wa kwanza.

Baada ya hapo ilipita misimu mitatu bila ushindi hata mmoja. Citroën na Ford zilizidi kuboresha magari yao, ilhali Solberg alilalamika mara kwa mara kwamba gari lake, Subaru Impreza, halitabiriki, na gari jipya lililotarajiwa kuiokoa timu lilifika katikati ya msimu wa 2008, likakimbia miezi michache tu kabla ya mlango kufungwa. Tunalisikitikia hilo hasa, kwa kuwa katika ralii yake ya kwanza, Ugiriki, lilimaliza la pili.

Mwaka 2009 Solberg, akiwa hana timu, aliunda yake mwenyewe na kuendesha Citroën Xsara ya zamani. Kwa gari hilo alimaliza wa tatu Cyprus.