Tumbo la sungura likigoma

Mwenye paka huangalia sahani. Mwenye sungura huangalia mavi. Samahani kwa unayesoma huku unakula, lakini kama umeamua kuishi na sungura ni bora tuelewane mapema: habari za tumbo lake hufika kwenye trei ya choo kabla hazijaonekana usoni.

Sungura ni windo. Porini, anayeonyesha unyonge ndiye anayekamatwa kwanza, ndiyo maana ni bingwa wa kujikaza. Tumbo likimuuma hatalia wala hatakufuata. Atajikunyata pembeni, macho nusu wazi, akisaga meno. Au atalaza tumbo sakafuni, ainuke, alilaze tena, hapati mkao. Ukimwona hivyo ujue maumivu hayakuanza sasa hivi.

Kinyesi cha sungura mwenye afya ni vidonge vya mviringo, vikavu, vinavyolingana ukubwa, na ukikifikicha kimoja unakuta ni nyasi tupu zilizosagika. Kwa siku anatoa mia moja, mia mbili, wengine zaidi. Vikianza kuwa vidogo, vigumu na vyeusi, au vimechongoka upande mmoja, utumbo unapunguza mwendo. Vikitoka vimeungana kwa nywele kama tasbihi, anameza manyoya mengi. Mchane kila siku, umwongezee nyasi na maji. Visipotoka kabisa, na chakula hakigusi, acha shughuli zako: hiyo ni dharura.

Kuna kinyesi cha aina ya pili kinachowachanganya wengi: vishada laini, vinateleza, vina harufu kali. Hiki sungura hukila mwenyewe, akikitoa moja kwa moja mkunduni, mara nyingi usiku au alfajiri, na anakihitaji kwa sababu kina protini na vitamini B zilizotengenezwa na bakteria wa tumboni mwake. Mtu akikikuta kimekanyagwa kwenye zulia anasema sungura anahara. Hahari, amekiacha tu. Swali ni kwa nini: mnene mno hafikii huko nyuma, mgongo unamuuma, meno yana shida, au anapewa wanga na utamu kupita kiasi. Kuhara kwenyewe, kwa maana ya majimaji, ni nadra kwa sungura mkubwa, na kukitokea ni dharura. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa karibuni ni dharura kubwa zaidi; mara nyingi koksidia, vimelea wadogo wa utumbo, wanahusika, na daktari hupima kinyesi kwa darubini kabla ya kutoa dawa.

Sasa, kwa nini kuacha kula kwa siku moja tu kunatisha hivi? Kwa sababu tumbo la sungura halikuumbwa kupumzika. Hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite chini. Kinachokisukuma ni nyuzi ndefu za nyasi. Baada ya utumbo mwembamba kuna mfuko mkubwa, sekamu, unaobeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo kwenye njia ya chakula, na humo bakteria huchachusha nyuzi usiku na mchana. Asipokula, mwendo unafifia, maji yananyonywa kutoka kwenye chakula kilichobaki, chakula kinakauka na kushikamana. Bakteria wabaya wanapata nafasi, gesi inajaa, gesi inauma, na kwa kuwa anaumwa anaacha kula kabisa. Mwili nao unaanza kuvunja mafuta yake ili upate nguvu, na mafuta hayo yanarundikana kwenye ini. Sungura wanene huumia zaidi hapo.

Ukiangalia mlolongo huo utaona kwamba kugoma kwa tumbo ni matokeo, na kuna kitu nyuma yake kilichomfanya asile. Hapa ndipo nilipojifunza mengi, kupitia sungura wangu Pamba.

Pamba alikuwa anaugua tumbo, anawekewa dripu, anapewa dawa, anapona, kisha baada ya wiki kadhaa yale yale. Maelezo niliyokuwa nikipewa ni kwamba ana mpira wa manyoya tumboni. Maelezo hayo bado yanazunguka sana, pamoja na ushauri wa juisi ya nanasi eti inayeyusha nywele. Haiyeyushi, na sukari yake inawalisha bakteria usiowataka. Kila sungura ana manyoya tumboni kwa sababu anajilamba kutwa. Yanarundikana pale mwendo unaposimama. Hatimaye daktari mwingine, aliyezoea sungura, alimlaza kwa dawa ya usingizi akamwangalia mdomo vizuri. Magego ya chini yalikuwa yameota ncha upande wa ndani, zinachoma ulimi. Kila akitafuna nyasi ngumu anaumia, kwa hiyo anakula kidogo, tumbo linapungua mwendo, na sisi tunatibu tumbo.

Meno ya sungura hukua maisha yote. Ya mbele huongezeka karibu milimita 2 kwa wiki. Yasiposagana sawasawa yanaota ncha: ya chini kuelekea ulimi, ya juu kuelekea shavu. Meno ya mbele utayaona mwenyewe, lakini magego huwezi kuyakagua nyumbani, na hata daktari akichungulia kwa haraka sungura akiwa macho anaweza kukosa kitu. Dalili zipo. Anakimbilia chakula, anakinusa, anaokota bua moja, analitafuna mara mbili, analiacha. Anachagua majani laini, mabua yanabaki. Kidevu kinalowa mate.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari, swali la kwanza liwe hili: nini kimelisimamisha tumbo? Meno, figo, kibofu, kidonda cha upasuaji, joto kali, kuhamishwa nyumba, mbwa wa jirani anayebweka usiku kucha, kufiwa na mwenzake. Maumivu na hofu ya aina yoyote vinatosha.

Tuje kwenye saa ya kwanza. Pamba akisusa jani analolipenda kuliko yote, sibishani na nafsi yangu. Namshika masikio: ya baridi sana ni dalili mbaya. Ninacho kipimajoto, na daktari alinionyesha kukitumia. Joto la kawaida la sungura ni kama nyuzi 38.5 hadi 40. Likishuka chini ya 38, anapashwa joto kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, akiwa na nafasi ya kujisogeza pembeni akitaka, huku safari ya kwa daktari inaandaliwa. Tumbo nalipapasa kwa vidole vilivyolegea. Likiwa limevimba na kukaza, simlishi chochote kwa nguvu, kwa sababu huenda utumbo umezibwa, na kumjaza chakula juu ya kizuizi ni kumpasua. Kuziba huja ghafla: asubuhi mzima, jioni amelegea kabisa. Daktari atatambua kuziba huko kwa eksirei, na wengi hupima pia sukari ya damu, ambayo hupanda sana utumbo ukiziba. Hiyo ni kazi ya hospitali, na dawa za kuchochea utumbo hazifai hapo.

Watu huuliza wangoje muda gani. Saa 12 bila kula ni nyingi mno. Mimi nampigia daktari simu kabla hata hazijafika nusu yake, na sijawahi kujuta kwa kuonekana msumbufu.

Kuhusu dawa nitasema machache. La kwanza ni kutuliza maumivu, kwa sababu sungura anayeumwa hatakula hata umpe nini. Kipimo akiweke daktari: meloksikamu, kwa mfano, sungura huhitaji kiasi kikubwa kwa kila kilo kuliko mbwa, kwa hiyo kukisia hakusaidii. La pili, kuwa macho na antibiotiki. Amoksilini, ampisilini na klindamisini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa sekamu, na sungura anaweza kufa kwa sumu za wale wanaobaki. Ukipewa dawa na mtu asiyezoea sungura, uliza waziwazi kama ni salama kwake. Na akipangiwa upasuaji, usimnyime chakula kabla yake. Kwa kuwa hatapiki, hana sababu ya kulala njaa.

Daktari akishasema hakuna kizuizi, kazi ya kumlisha ni yako, na ndiyo itakayokukosesha usingizi. Upo unga maalumu wa nyuzi nyingi kwa wanyama walao majani wanaougua; ukikosekana, loweka peleti zake za kila siku, yaani chakula cha vidonge cha dukani, kwenye maji ya uvuguvugu, ziponde hadi ziwe uji unaopita kwenye bomba la sindano. Bomba dogo la mililita 1 ni rahisi kulimudu. Ukikata ncha ili uji mzito upite, isugue kwanza isimkwaruze.

Mviringe taulo, miguu ya nyuma ikiwa imeegemea kitu, maana akipiga teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo. Asilale chali hata kidogo. Keti chini naye, kwa sababu akikuponyoka mezani utakuwa na mgonjwa wa aina mbili. Usimwingizie bomba kwa mbele. Nyuma ya meno ya mbele, pembeni, kuna pengo lisilo na jino. Ingiza hapo, sukuma nusu mililita, ngoja. Taya likianza kuzunguka anatafuna. Akishameza, sukuma tena. Ukifanya haraka uji unaingia kwenye njia ya hewa na umeongeza ugonjwa wa mapafu. Pamba ana mbinu yake: anatafuna kwa adabu mara tatu nne, unaamini mmeelewana, kisha anageuza kichwa na kukupulizia uji wote kifuani. Vaa nguo usiyoionea huruma.

Kiasi kinachotajwa sana ni karibu mililita 50 za uji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara nne au tano, lakini siku ya kwanza huenda akavumilia kiasi kidogo kuliko hicho, fuata ulivyoelekezwa. Ukimaliza, mfute kidevu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Uji ukikauka manyoya yanang'oka na ngozi inawasha. Kagua na sehemu za nyuma pia. Akiwa mchafu huko, nzi hutaga mayai, na funza wa nzi ni balaa jingine kabisa.

Katikati ya milo, mwache atembee. Kuruka kidogo huchochea utumbo kuliko kufungiwa kwenye kizimba. Nyasi kavu ziwe mbele yake muda wote, maji yawe kwenye bakuli, maana wengi hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chupa ya kuning'inia. Kama ana mwenzake, wasitenganishwe bila sababu. Wapeleke wote kwa daktari. Na mpime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni, uandike. Macho yako yatakudanganya kwa sababu ya manyoya, mizani haitakudanganya.

Vidonge vya kwanza kutoka vitakuwa vibaya: vidogo, vigumu, vingine vina ute. Furahi, lakini usimsitishie dawa ya maumivu kwa kuwa tu ameanza kula. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo, na kesho yake sungura amesusa tena.

Baada ya kupona, lishe ndiyo inayombeba. Nyasi kavu zichukue zaidi ya asilimia 80 ya anachokula, majani mabichi kiasi, peleti ziwe chache na za aina moja. Ule mchanganyiko wenye nafaka na vipande vya rangirangi uache dukani. Atachagua vitamu na kubakiza nyuzi. Chakula kipya kiingie polepole kwa siku kadhaa. Matunda ni ya kupakia dawa chungu, basi.

Pamba sasa husagwa magego kila baada ya miezi michache, na katikati hapo kinachoniamulia ni yale mabua. Akianza kuyabakiza na kuchagua majani laini, naomba miadi hata kama peleti bado anazimaliza zote.