Kadi iliyofunguliwa kwa jina lako Marekani: usilipe hata dola 1

Pole sana, ndugu yangu. Umesema wakala wa madeni anakudai dola 3,400 za kadi usiyoifungua, na anakubembeleza ulipe "japo 50". Usilipe. Hizo 50 zinaweza kusomeka kwamba umelikubali deni.

Anza IdentityTheft.gov, tovuti ya FTC, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji. Jaza kweli tupu, maana unaapa kisheria, kisha ichapishe ripoti ya wizi wa utambulisho kwenye karatasi. Iambatanishe na nakala ya kitambulisho na barua inayotaja akaunti hiyo, upeleke Equifax, Experian na TransUnion, kampuni 3 zinazotunza taarifa za mikopo, kila moja kivyake, ukidai akaunti hiyo izuiwe isionekane kwenye taarifa zako, kwa kifungu cha 605B cha sheria ya taarifa za mikopo (FCRA). Wakishapokea vyote wana siku 4 za kazi kuizuia. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanabonyeza "pinga" mtandaoni bila ripoti, suala linageuka lalamiko la kawaida la siku 30, benki inajibu tu kwamba deni ni halali, na mtu anarudi alipoanzia.

Wakala mpinge kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upate notisi yake, kwa barua ya rejista yenye risiti ya mpokeaji. Kwenye simu usimtajie nambari yako ya Social Security (nambari ya utambulisho ya Marekani), hata akisema ni ya "kuhakiki" tu.

Benki iliyotoa kadi iandikie ikupe nakala ya fomu iliyotumika kuiombea. Ukiambatanisha ripoti, inapaswa kukupa bure ndani ya siku 30. Tazama anwani, simu na tarehe: kama kadi ilitumwa mahali usipowahi kuishi, umeshapata ushahidi.

Na leo hii funga taarifa zako za mikopo ("freeze") kwa kampuni zote 3, ili iwe vigumu kwa mtu kufungua akaunti nyingine kwa jina lako. Ni bure.