Edith, jina lililovuka miaka elfu

Mmeuliza wiki hii: kati ya majina ya ubatizo tuliyoyazoea, lipi lina historia ambayo wengi hatuijui? Mimi nasema Edith. Wapenzi wa riadha watamkumbuka Edith Masai wa Kenya, bingwa wa dunia wa mbio fupi za nyika mara tatu mfululizo, 2002 hadi 2004. Jina lenyewe lilivuma Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, likiandikwa Eadgyth, na ndani yake mna maneno mawili: utajiri na vita.

Anayenigusa kuliko wote ni Eadgyth, dada yake mfalme Æthelstan wa Uingereza kwa baba. Kwenye mwaka 930 hivi, Otto, mwana wa mfalme wa Wajerumani, alitafuta mchumba Uingereza. Æthelstan akampelekea dada zake wawili achague mmoja! Otto alimchagua Eadgyth, akampa Magdeburg iwe mahari yake. Eadgyth alifariki mwaka 946, akazikwa mjini humo.

Mwaka 2008 wataalamu walifungua kaburi lake katika kanisa kuu la Magdeburg, wakidhani halina kitu. Wakakuta sanduku la madini ya risasi, na ndani mifupa iliyofungwa kwa hariri. Ili kujua ni ya nani, walipima meno, kwa sababu jino linapokua hutunza alama za maji na chakula cha utotoni. Alama zile zilikubaliana na ardhi ya chokaa ya kusini mwa Uingereza. Binti wa watu aliolewa mbali na hakurudi, lakini meno yake yalikuwa bado yanataja kwao.

Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, majina mengi ya wenyeji yalitupwa. Hata Edith, binti wa mfalme wa Uskoti, alipoolewa na mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1100 alianza kuitwa Matilda, jina lililowapendeza wakubwa wapya. Nalihesabu hilo kuwa dhuluma. Jina halikufa, ingawa lilififia mpaka karne ya 19 lilipopendwa tena.

Kisha akaja Edith Cavell, nesi Mwingereza aliyewasaidia askari kutoroka Ubelgiji iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wajerumani walimuua kwa risasi mjini Brussels, Oktoba 12, 1915. Baada ya hapo wazazi wengi waliwapa watoto wao jina lake, na mmoja wa watoto hao alizaliwa Paris Desemba ileile: mwimbaji Edith Piaf.