Klayenti Haibuti? Seva Iacheni Kwanza

Vijana wangu wa atachimenti, kila kundi jipya likishuka Mombasa kosa ni lile lile: mashine za maabara, yaani klayenti zinazobuti kupitia mtandao kutoka kwa seva (njia iitwayo PXE), zimegoma kubuti, na mtu keshaanza kuifomati seva. Jamani! Skrini ya klayenti imeshawaambia ugonjwa uko wapi. PXE-E61 ni kebo au swichi. PXE-E51, hakuna DHCP (huduma ya kugawa anwani za mtandao) iliyojibu. PXE-E53, anwani imepatikana bila jina la faili la kubuti. PXE-E32, TFTP (huduma ya kupeleka faili hilo) iko kimya. Someni, kisha ndiyo mguse kitu.

1. DHCP mbili. Hili ndilo linaloumiza shule nzima. Ruta tayari inagawa anwani, kijana anakuja na dnsmasq yake (programu ya seva yenye DHCP na TFTP ndani), anaandika dhcp-range=192.168.1.50,192.168.1.150 na kuiwasha katikati ya asubuhi. Maabara inabuti vizuri, kwa sababu klayenti ya PXE hupendelea jibu lenye jina la faili, kwa hiyo yeye anafurahi. Kumbe laptopu ya mhasibu nayo imeomba anwani, dnsmasq imewahi kujibu, na isipoelekezwa vingine hujitangaza yenyewe kuwa geti (njia ya kutokea intaneti) na DNS (mtafsiri wa majina ya tovuti). Intaneti ya ofisi imekufa, na lawama zinaenda kwa kampuni ya intaneti. Kuzima dnsmasq hakuponyi papo hapo, maana anwani hukodishwa kwa saa moja. Mpaka muda uishe, au mtu achomoe kebo na kuirudisha, laptopu inabaki na geti lisilofika popote. Dawa ni neno moja, proxy: dhcp-range=192.168.1.0,proxy. Ruta igawe anwani, seva itaje faili tu kupitia pxe-service. Kabla ya kuwasha chochote, endesheni tcpdump (programu ya kuchungulia mtandao) kwenye poti 67 na 68 za DHCP muone nani anajibu.

2. BIOS (mfumo wa zamani wa kuanzisha mashine) na UEFI (mfumo mpya) hazili faili moja. Mashine kuukuu ipe undionly.kpxe, ya UEFI ipe ipxe.efi, chaguo 93 la DHCP huzitofautisha, 0 kwa BIOS na 7 kwa UEFI ya biti 64. Secure Boot, kinga ya UEFI dhidi ya faili zisizo na saini, ikikataa faili, izimeni.

3. Faiwo: poti 69 ya UDP hupokea ombi la TFTP tu, data hutoka poti nyingine ambayo faiwo inaweza kuizuia. Pakieni nf_conntrack_tftp, moduli ya Linux inayoifuatilia data hiyo, na kwenye kerneli za sasa iunganisheni na poti 69 kwa kanuni ya faiwo.

4. Spanning tree, kinga ya swichi dhidi ya mzunguko wa kebo, hushikilia poti ya swichi kwa sekunde 30 na baadhi ya klayenti hukata tamaa kabla. Portfast, mpangilio unaoruka kusubiri huko, iende kwenye poti za klayenti, kamwe si ile ya swichi kwa swichi.

5. Piga hesabu ya kasi. Klayenti 20 zikisoma MB 300 kila moja ni GB 6: kwa waya wa Mbps 100 ni zaidi ya dakika nane, kwa gigabiti ni kama dakika moja. Na hapa kwetu hewa ya chumvi inakula pini za RJ45, plagi ya kebo ya mtandao. Gigabiti inataka nyaya zote 8, Mbps 100 inatosheka na 4, kwa hiyo plagi yenye kutu huenda isikate mtandao, ikaupunguza tu kimya kimya. Endesheni ethtool, amri inayoonyesha kasi ya waya, kwenye seva. Ikionyesha 100, kateni plagi mkrimpu nyingine, na siku zote acheni kebo ya ziada ukutani. Stima ikirudi, subirini seva iinuke kwanza, kisha washeni klayenti safu kwa safu.