Je, mahakama ilishaamua kwamba somo la asili ya binadamu ni uongo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, na shuleni wanasoma asili ya binadamu, pamoja na habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai. Kwenye mkutano wa injili hapa mtaani mhubiri alisema kuna mwalimu Marekani alishitakiwa kwa somo hilohilo, na mahakama ikathibitisha ni uongo. Sasa binti hataki hata kufungua daftari la historia. Ni kweli?
Mama wa mwanafunzi, Mbagala

JIBU: Marahaba, mama. Mwalimu alishitakiwa kweli, na akatiwa hatiani. Hilo la kuthibitisha uongo ndilo halikutokea, na linaniuma kuona mtoto anaacha masomo kwa ajili yake.

Ni mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, Julai 1925. Miezi michache kabla, jimbo lilipiga marufuku shule za umma kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Wakubwa wa mji wakakutana kwenye duka la dawa, wakaona kesi ya kuijaribu sheria hiyo ingeutangaza mji wao. Wakamwita John Scopes, mwalimu wa miaka 24, naye akakubali kushitakiwa. Watu wakafurika, redio ya Chicago ikatangaza moja kwa moja. Upande wa mashitaka alikuwepo William Jennings Bryan, aliyegombea urais mara tatu. Mtetezi alikuwa Clarence Darrow.

Hapa ndipo ningependa binti asikilize vizuri. Utetezi ulileta wanasayansi, lakini jaji hakuruhusu ushahidi wao usikilizwe na wale raia 12 waliopaswa kutoa uamuzi. Darrow akamwita Bryan mwenyewe, nje uwanjani, akamhoji habari za Yona na samaki. Bryan, muumini wa dhati, alikubali kwamba siku za uumbaji huenda hazikuwa za saa 24. Kesho yake jaji akayafuta mahojiano hayo. Wale 12 walibaki na jambo moja tu: je, Scopes alifundisha kilichokatazwa? Walimaliza kwa dakika 9. Faini ikawa dola 100.

Sayansi haikupimwa pale, wala imani. Mwaka 1927 mahakama ya juu ya jimbo iliitengua hukumu, kwa sababu faini aliipanga jaji badala ya wale 12. Sheria yenyewe ilifutwa 1967.

Sasa mpeleke binti Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mkaulizie fuvu hilo la Zinjanthropus, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Wataalamu wengi leo wanaliona kuwa la tawi la pembeni, si la babu yetu wa moja kwa moja. Jambo hilo mikutanoni halisemwi. Kuandika kwenye mtihani alichofundishwa si kuikana dini. Maswali ya imani ampelekee mchungaji wenu, ya mafuvu amuulize mwalimu wake, na daftari alifungue wiki hii, kabla wenzake hawajamwacha mbali.